Gari Limejaa Kidogo

Kukataa niliwafundisha mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba nilikwama Hanang msimu wa mvua huku mama yangu anaumwa Handeni, wote husema, pole, matope. Matope yalikuwepo, sibishi. Lakini lori la shamba la ngano lilikuwa halishindwi na matope. Lilipita mbele ya nyumba niliyokaa likienda Katesh, likarudi, likaenda tena, na dereva wake, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu, alinivulia kofia kila alipopita.

Zilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kupigania, na mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, mwenye ulimi mkali na subira ndogo, niliyepangiwa upande wa Basotu bila kuulizwa. Shule, zahanati na kaya kadhaa zilikaa juu ya kijilima. Pande zote zilizobaki zilikuwa ngano. Barabara zote zilikuwa za shamba, zimenyooka, na hakuna hata moja iliyokwenda mahali ambapo mtu angetaka kwenda. Wafugaji waliozoea kupitisha ng'ombe pale kuelekea ziwani walikuwa wakizunguka mbali, na mara nyingi niliwaona wamesimama pembezoni na fimbo zao, wanaangalia trekta zikipita walipokuwa wakipita wao. Nilikuja na sanduku la bati, godoro la sufi, na mpango wa kuomba uhamisho mapema iwezekanavyo.

Hata kabla sijazoea baridi ya pale, meneja wa shamba aliniita. Alitaka niwafundishe madereva na mafundi Kiingereza, jioni baada ya kazi, katika ghala la magunia matupu. Kulikuwa na kisa. Mzungu aliyekuwa fundi mkuu alimuuliza dereva wa kombaini kila asubuhi kama mashine iko sawa. Dereva, kwa kuwa yule Mzungu alikuwa mtu mzima tena mgeni, alijibu kila asubuhi kwamba iko sawa. Kwa watu wa pale, kumpa mtu mzima habari mbaya usoni kabla hajanywa hata chai ni kukosa malezi. Kombaini ikanoki katikati ya mavuno. Mzungu akavua kofia akaibwaga chini, na dereva akaiokota, akaipangusa vumbi, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Yes wanaijua, no wanaijua," meneja aliniambia. "Cha katikati ndicho hawana. Wape cha katikati, mwalimu."

Nikaamua kuwapa yale maneno ya kiasi. Na kwa kuwa adabu ndiyo kitu walichokuwa nacho tele, nikaamua kupitia humo humo. Nilichora ngazi ubaoni. Chini kabisa niliweka a little, yaani kidogo. Juu yake quite, kiasi cha kuonekana. Juu yake very, sana. Na kileleni niliweka too, pale ambapo jambo limevuka mpaka na halifai tena. Kisha tukaweka bakuli tupu mezani, mmoja akawa mwenyeji na mmoja mgeni, na mwenyeji akamimina uji usiokuwepo huku mgeni akimzuia. Mgeni aliyesema a little huku njaa inamuuma tulimpigia makofi. Aliyemwambia mwenyeji kwamba uji ni too hot tulimzomea mpaka akakaa. Walifurahi sana wale watu wazima, wenye mikono ya grisi, kucheza wageni na wenyeji.

Niliwapa na kanuni yangu. Niliwaambia sifa tunaipima kwa debe, na lawama tunaipima kwa kijiko cha chai. Umenisaidia sana, bwana. Oili imepungua kidogo, bwana. Na hiyo too, niliwaonya, msiitumie kwa mtu mnayemheshimu, maana ni neno la kufunga mlango, ukishalisema mwenzako hana pa kuingilia.

Kiranja wa darasa alikuwa dereva wa lile lori, mtu wa makamo, mrefu, mzaliwa wa milima ya Mbulu na mwimbaji wa kwaya. Alikuwa haandiki kitu lakini hasahau kitu. Siku ile alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama mlango umefungwa kweli?"

"Mwambie umefungwa kidogo," nilimjibu, na ghala zima likacheka. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kwa jinsi nilivyofundisha vizuri.

Nyumbani kwangu palikuwa chumba cha kupanga kwa mzee mmoja na mkewe. Nao walitoka milimani, wakafuata ardhi huku chini, wakalima mahindi, maharage na mtama na kufuga ng'ombe wachache. Walikuwa Wakristo wa kila Jumapili. Watoto wao walikuwa wameoa na kuolewa huko huko Mbulu. Mzee alikuwa mpole na mwenye maneno. Mama alikuwa na Kiswahili kichache, cha kukatakata, na hakuwa na maneno ya ziada katika lugha yoyote. Asubuhi nilimwamkia shikamoo mama, naye aliitikia marahaba kisha akanitazama kuona kama nimekula.

Mvua za kwanza zilipoanza, mzee aliugua kifuani, na hakufika mbali. Akafa.

Kwetu Handeni mfiwa haachwi. Watu hulala hapo hapo, hupika, huchota maji, humlisha mjane kwa mkono akikataa kula. Mimi nilifanya nilivyolelewa. Niliburuta godoro langu mpaka chumbani kwa mama, nikalala kando yake. Nilikula naye sahani moja. Nilimpaka mafuta miguuni na nikafua nguo za marehemu. Majirani walikuja kuzika, wakaimba vizuri, wakachimba vizuri, na wakanitazama kwa macho ambayo mimi niliyasoma kuwa ni ya shukrani. Halafu kaburi lilipofunikwa waliondoka, wote, mapema. Nilikasirika. Niliwasema moyoni, watu gani hawa wanaomwacha mwanamke na chungu cha makande kinachotokota bila mlaji.

Baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika, na nilichelewa kuyaona kwa sababu kila badiliko lilikuja limevaa heshima. Darasani watoto walileta madaftari mezani, wakayaweka, wakarudi nyuma kabla sijanyoosha mkono. Kisimani akina mama waliniambia kwa sauti nzuri kwamba kule chini, bondeni, kuna maji matamu zaidi, na ni kweli yalikuwepo maji kule, ila hakuna mtu mwingine aliyeyafuata. Kule ghalani kiranja, aliyekuwa akipokea chaki kutoka mkononi mwangu kila jioni, alianza kusema niiweke tu mezani. Bakuli letu la uji wa kuigiza nikiligusa mimi, hakuna aliyeligusa baada yangu. Salamu ziliendelea, tena zikawa ndefu kuliko kwanza, lakini za mbali. Mikono ilikoma.

Nilidhani nanuka. Niseme ukweli, nilijinusa. Nilinunua sabuni ya ulanguzi, nikaoga maji ya bondeni mpaka ngozi ikaniwasha, nikaenda shule nikitoa harufu ya sabuni, na watoto wakarudi nyuma vilevile. Basi nikadhani wamenichoka, kama mgeni anavyochokwa. Wiki zikapita hakuna binadamu aliyenigusa isipokuwa yule mjane, ambaye usiku akigeuka mkono wake ulinigonga begani.

Ndipo ikaja simu ya maandishi. Mwalimu mkuu aliipokea kutoka katika mfuko wa barua wa shamba, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha langu na kuibana na kijiwe, akasimama pembeni. Ilitoka kwa kaka yangu. Mama mgonjwa sana njoo. Kaka yangu ni bahili wa kutajwa, na kwenye simu ile kila neno lililipiwa. Angeweza kuandika mama mgonjwa njoo, na ningekwenda. Kama alilipia na sana, basi ilikuwa sana.

"Nenda, mwalimu," mwalimu mkuu alisema. "Hata leo nenda. Darasa nitalishika."

Nenda, lakini na nini? Basi lilishaacha kufika tangu mvua ya pili. Wazungu wa shamba walikuwa likizo, na kindege walichokuwa nacho hakikuwa cha walimu wa shule za msingi. Gari lililotoka pale lilikuwa lori la shamba, na trekta zenye tela, na zote zilikuwa mikononi mwa wanafunzi wangu. Nikafunga kanga mbili na nguo za safari, nikaenda kusimama barabarani nikiwa na moyo mkunjufu kabisa. Ningekosaje lifti kwa watu niliowafundisha?

Lori lilisimama mbali kidogo nami. Kiranja akashuka, akavua kofia. Nikamweleza kwa Kiswahili, mama yangu, Handeni, naomba unifikishe Katesh tu, mbele nitajua mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. Kisha akanijibu kwa Kiingereza.

"I am very sorry, madam. Today the lorry is a little full."

Nyuma kulikuwa na mapipa mawili matupu na mbuzi.

Safari iliyofuata barabara ilikuwa mbaya kiasi. Iliyofuata tena lori lilikuwa bado halijawa tayari vizuri, ingawa injini ilikuwa inaunguruma. Dereva wa trekta aliniambia kwamba tela lake ni chafu kidogo kwa mtu kama mimi. Mwingine alinishukuru sana kwa kumwomba. Wote kofia mkononi, wote kwa Kiingereza, wao ambao nje ya ghala hawakuwahi kunisemesha Kiingereza hata kwa utani. Niliomba kwa Kiswahili nikajibiwa kwa Kiingereza. Kama ningekuwa na kalamu nyekundu ningewapa tiki wote. Hakuna aliyekosea kipandio cha ile ngazi yangu, na hakuna hata mmoja aliyesema too, kwa hiyo kila siku nilirudi nyumbani nikiamini kwamba kesho mlango utafunguka.

Baadaye nilijaribu kwa miguu. Niliondoka alfajiri na mfuko kichwani, nikafuata barabara iliyonyooka katikati ya ngano. Udongo wa mbuga ukilowa hunata, na kila hatua miguu ilizidi kuwa mizito mpaka nikawa nainua udongo badala ya miguu. Nilivua viatu, nikatembea peku. Ngano mbele, ngano nyuma, ngano inanyeshewa. Nilifika kwenye korongo ambalo kiangazi watoto hulivuka wakikimbia, nikalikuta limejaa maji ya rangi ya chai, yanapita na magogo. Nikakaa chini kwenye tope. Nilihisi nimezibwa pande zote, na walioniziba hawana hata ukali ili nami niwe mkali kwao. Mama yangu anakufa, nilijisemea, na mimi nimefungwa na watu wanaonivulia kofia.

Niliporudi, mama mwenye nyumba alikuwa jikoni. Alitazama miguu yangu, akaweka maji motoni, akanivutia kigoda.

"Nani alikukataza?" aliuliza.

"Hakuna aliyenikataza, mama. Wote wanasema gari limejaa kidogo."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, puani, cha kwanza tangu mzee afe. Kisha akainama akaanza kunisugua tope miguuni, na akaniambia bila kuinua kichwa.

"Mume akifa, mke anakaa. Hashiki watu, watu hawamshiki. Maji yake peke yake, njia yake peke yake. Ng'ombe wake hawachangamani. Mvua ipite, mavuno yapite, mpaka wazee waseme basi. Na anayelala naye, akala naye, huyo naye anakaa."

Ilichukua muda kuniingia. "Hata mimi?"

"Wewe ulikula sahani moja na mimi. Wote waliona."

"Na kanisa linasemaje?"

"Kanisa linasema ni mambo ya zamani, yameisha. Mwinjilisti alikuja kuniambia hivyo." Akanyoosha kidole nje. "Alisimama kule, barabarani."

Hapo hasira zikanipanda. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema, siku ile ile ya kwanza, nikabeba godoro langu nikarudi chumbani kwangu. Sauti yangu haikuwa ya kumwambia mtu aliyenizidi umri. Aliendelea kusugua.

"Nilikuwa peke yangu," alisema. "Wewe ukaja na godoro. Ningesema nini?"

Nikauliza basi wale madereva, mbona wao hawakusema, watu wazima wote wale.

"Mtu haambiwi hivyo usoni. Ni aibu kubwa, ni kama kumtukana. Na wewe mwalimu, wanaogopa utawacheka." Alinikausha miguu kwa kanga yake. "Watu wa hapa wana adabu, mwalimu. Adabu yao haitakufikisha kwa mama yako. Lori linakwenda lini?"

"Kesho asubuhi."

"Haya," alisema, akaepua maji.

Asubuhi alijifunga shuka jeusi mpaka kidevuni, akatoka pamoja nami. Tangu mazishi alikuwa anapita kwa nyuma, kijia chake cha kwenda bondeni. Siku ile alishika njia kuu. Pale zahanati akina mama waliokuwa wakingoja waliinua ndoo zao na watoto wao wakahama upande, bila neno, huku wakitusalimu. Yeye aliitikia salamu zote. Tulipofika barabarani hakusimama kando nilipozoea kusimama mimi. Alisimama katikati.

Lori likaja, likapunguza mwendo, likasimama. Kiranja akashuka, kofia mkononi, akabaki karibu na bamba la nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu anakwenda kwa mama yake. Mama yake anaumwa."

"Ndiyo, mama, tumesikia, tumesikitika mno. Ila leo gari..." alianza, akanitazama mimi, akamtazama yeye ambaye Kiingereza hakijui, na maneno yakamwishia.

Mama akatembea mpaka kwenye mlango wa dereva. Akatoa mkono ndani ya shuka, akaufungua, akauweka mbele ya kitasa, karibu kabisa, bila kugusa.

"Nikishika hapa," alisema, "nani ataendesha?"

Abiria wawili waliokuwa nyuma waliruka wakasimama kwenye ngano. Mkono wa mjane katika muda wake, ukigusa kitu kwa kusudi, kitu kile hakuna mtu wa pale angekikalia, na shamba lingebaki na lori zima lisilo na dereva katikati ya msimu. Nilimwona kiranja akiutazama ule mkono. Ulibaki pale pale. Katika miezi yote niliyokaa pale sikuwahi kumwona mtu mmoja akimkosea mwingine adabu mchana, hadharani, na aliyekuwa akifanya hivyo alikuwa mwanamke aliyenisugua miguu jana yake.

"Apande nyuma," kiranja alisema hatimaye.

"Mvua inakuja. Apande mbele."

"Nyuma, mama. Nitampa turubai. Nakuomba."

Mama akafikiri, akarudisha mkono ndani ya shuka. "Nyuma na turubai," alikubali.

Nilitupa mfuko wangu, nikakanyaga gurudumu, kisha nikageuka. Nilitaka kumwambia kitu. Maneno yote ya shukrani niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyatumia kwa mifano darasani, na pale sikupata hata moja. Yeye alishaanza kurudi nyuma, kunipisha.

"Panda," alisema, "kabla hajakumbuka Kiingereza."

Katesh tulifika mvua inamwagika. Nilishuka kutoka chini ya turubai nimelowa nusu. Kiranja alisimama hatua kadhaa kutoka kwangu, akaanza kwa Kiingereza, akaacha, akaanza upya kwa Kiswahili.

"Mwalimu, usituwekee kinyongo. Samahani sana."

Nikamwambia yameisha, ingawa hayakuwa yameisha.

"Yule mama," akaendelea, "wazee watamhesabia upya. Amekuja njia ya watu, amesimamisha gari la watu. Ataanza tangu mwanzo, kama vile mzee amezikwa leo."

"Alijua?"

"Anajua kuliko sisi," alisema, akavaa kofia.

Njia nzima ya Arusha, na kutoka Arusha mpaka Korogwe, na kutoka hapo mpaka kwetu, nilikuwa nabanana na watu kwenye viti na bado najivuta pembeni nisimguse mtu. Nilipojikuta nafanya hivyo nilijichukia. Mimi siyaamini hayo, nilijiambia. Lakini mwili ulikuwa umeshajifunza.

Kwetu nilikuta watu wamejaa uani, nikadhani nimechelewa. Shangazi yangu akanikimbilia. Akanishika mikono yote miwili, akanivuta kifuani. Kisha mama mdogo, kisha jirani, kisha watoto wa jirani, kila mtu mkono, kila mtu bega, kikongwe mmoja akanishika mashavu kwa viganja vyake viwili akanitazama kama nimekonda. Nililia pale pale uani. Nililia kwa sauti mpaka wakaanza kunituliza, mama yako yupo, yuko hai, homa imeshuka tangu juzi, unalia nini. Walidhani namlilia mama. Kumlilia nilimlilia, lakini kilichonitoa machozi ni mikono.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, kanga imemzidi. "Nimepona kidogo," alisema, akanishika mkono na hakuuachia jioni nzima. Nilimsimulia yote. Mama yangu alikuwa mkali wa mambo ya adabu kuliko kitabu chochote cha Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Ulimshukuru?"

"Sikuwahi, mama. Gari lilikuwa linaondoka."

"Ulimpa mkono?"

"Hashikwi, mama. Nimekwambia."

"Nimesikia ulichoniambia. Nauliza ulimpa mkono?"

Mkono wake ukabaki juu ya wangu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilirudi. Sikurudi kwa wema, nisijipambe. Nilirudi kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nayo, na kwa sababu nilikuwa na hasira ambayo haikutaka kubaki Handeni. Kiranja alinikuta Katesh. Safari hii alinifuata mpaka nilipokaa, akanipa mkono, mkono wa kweli, mgumu, wenye harufu ya dizeli, akanifungulia mlango wa mbele. Njiani akanipa habari njema. Wazee walikuwa wamelizungumza suala langu. Mimi ni mgeni, nimelala kwa watu wangu, nimeoga maji ya kwetu, basi ya kwangu yamekwisha. Meneja alikuwa amenipa chumba kwenye nyumba za shamba, chenye taa ya jenereta na kitanda cha springi.

"Na yule mama?"

Alitazama barabara. "Yeye anakaa."

Ngano ilikuwa imefika magotini, kijani mpaka mwisho wa macho. Tulipokaribia kijilima nikamwambia, "Nishushe kwa mama."

"Kumsalimu? Nitasimama, utamsalimia kutoka humu humu garini."

"Kukaa. Godoro langu liko kule."

Akapunguza mwendo, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatumia kipandio cha juu kabisa.

"Madam," alisema, "that is too much."

Alikuwa amenifungia mlango, na alijua hivyo, na hakufanya kwa ubaya. Nikamwambia kwamba neno amelitumia mahali pake, asimamishe.

Mama alikuwa mlangoni anapepeta mtama kwenye ungo. Aliniona nikishuka na mfuko, akauweka ungo chini. Nikavuka uwanja wote mpaka mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una chumba shambani." Hakuna mtu aliyekuwa akimsogelea, lakini habari zilikuwa zimemfikia.

"Ninacho."

"Kitanda cha springi."

"Nimesikia." Nikanyoosha mkono. "Nimekuja kukushukuru, mama. Mama yangu ndiye kanituma."

Aliutazama mkono, akatazama barabarani. Lori lilikuwa halijaondoka. Kiranja alikuwa ameshuka amesimama kando yake, kofia mkononi, anatuangalia. Mama angeweza kunirudisha kwa neno moja, na nadhani alilifikiria. Kisha akaupangusa mkono wake kwenye shuka, akaushika wangu mbele ya yule mtu, akaushikilia.

"Amepona?" aliuliza.

"Kidogo."

"Kidogo kweli, au kidogo cha madereva?"

"Kidogo kweli, mama."

"Basi ingia," alisema. Nyuma yetu lori likawaka likaondoka. Nikaokota ungo, nikainama kwenye mlango mfupi, nikamfuata ndani.